Bendisoo inapokata kombo: kuweka sawa bledi na vielekezi vyake, hatua kwa hatua

Fundi akiona bendisoo, ule msumeno wa mashine wenye bledi ya mkanda, inakata kombo, mkono unakimbilia spana. Anakaza vielekezi, vile vipande vinavyoishikilia bledi isiyumbe, mpaka vinaibana kama koleo, mashine inatulia kidogo, naye anajisifu. Najua kwa sababu nimefanya hivyo. Mwaka wangu wa kwanza na mashine ya inchi 14 (ndicho kipenyo cha gurudumu lake), iliyonijia ikiwa imeshatumika, nilikuwa nachana mbao za mkongo na bledi inakimbilia kushoto. Nikabana vielekezi vya juu. Kama dakika kumi hivi kazi ilikwenda, halafu mgongo wa bledi ukaanza kugeuka buluu, ikaja harufu ya chuma kilichoungua, na kesho yake bledi ikakatika kwenye weldi, pale ncha zake mbili zilipoungwa. Nikafunga nyingine, nikabana tena, ikakatika tena. Ya tatu ilipoanza vituko ndipo nikapiga magoti na tochi kuangalia chini ya meza. Beringi ya mgongo ya huko chini ilikuwa inaisukuma bledi mbele muda wote, na mimi sikuwa nimewahi kuinama kuitazama.

Ndiyo maana mwongozo huu una mpangilio mmoja ambao nakuomba usiuvunje. Kwanza bledi itembee vizuri yenyewe, haijaguswa na kitu. Baada ya hapo vielekezi ndivyo vinavyosogezwa kuifuata ilipo. Kielekezi hakinyooshi bledi. Kinaizuia tu isiyumbe wakati ubao unaisukuma.

Kwetu karakanani vielekezi huitwa "gaidi", na kila mwanafunzi mpya akiambiwa "legeza gaidi" lazima acheke kwanza. Hapa nitaviita vielekezi, tusije tukaitiwa polisi.

Mashine ninayoizungumzia ina magurudumu mawili. La chini linazungushwa na mota. La juu linapanda na kushuka ili kukaza bledi, na pia linainama mbele na nyuma kwa nobu iliyo nyuma ya kasha la juu; hiyo nobu ndiyo inayoamua bledi itembee wapi juu ya gurudumu. Vielekezi viko seti mbili, moja juu ya meza kwenye nguzo inayopanda na kushuka, nyingine chini ya meza. Kila seti ina vipande viwili vya ubavuni, kulia na kushoto mwa bledi, na beringi moja ya mgongo. Seti ya chini ndiyo husahaulika.

Kabla ya yote

Chomoa plagi. Kama mashine ni ya fezi tatu na imefungwa moja kwa moja ukutani, zima meni swichi na uwaambie wote waliomo karakanani kwamba una mikono ndani ya mashine. Swichi ya kwenye mashine peke yake haitoshi, kiwiko kinaweza kuigusa.

Weka karibu spana, elenki (funguo za bolti zenye tundu la pembe sita) za saizi mbili tatu, skwea ya kupimia pembe mraba, tochi, karatasi chache za kawaida za A4 na ubao mmoja mrefu uliopigwa randa ukanyooka kweli. Vaa miwani. Glavu ni za kushikia bledi unapoifungua na kuitundika. Mashine ikianza kuzunguka, glavu zikae mezani, tena meza nyingine.

Bledi mpya huja imekunjwa pete tatu. Nyoosha mikono, geuza uso pembeni, ondoa kifungo na uiachie taratibu. Inafunguka ghafla kama nyoka aliyekanyagwa.

Hatua ya 1: Safisha magurudumu

Fungua milango yote miwili na upitishe kidole kwenye mpira uliovishwa gurudumu. Katikati utauhisi umenyanyuka kidogo kuliko kingo zake, kama mgongo wa barabara uliotengenezwa ili maji ya mvua yakimbilie mitaroni. Mnyanyuko huo ndio siri ya mashine: ukanda unaozunguka juu ya kitu kilichonyanyuka katikati hupanda kutafuta sehemu ya juu zaidi na kukaa hapo. Sasa fikiria utomvu na vumbi vimegandamana kwenye ukingo mmoja. Umetengeneza kilima cha pili, na bledi haijui ipande kipi.

Mbao za paini, hizi zinazotoka Sao Hill kule Mufindi, ndizo zinazochafua zaidi kwa sababu ya utomvu. Kwangua kwa kijiti cha mbao ngumu kilichochongwa kama patasi huku ukizungusha gurudumu kwa mkono, kisha futa kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni. Usimwage petroli wala thina kwenye mpira, utauharibu. Mafuta ya taa yapake kwenye bledi yenyewe kwa mswaki wa zamani, nje ya mashine, kisha uikaushe.

Mpira ukiwa umepasuka, umelegea au umelika mpaka mnyanyuko umeisha, simama hapo. Badilisha mpira kwanza, la sivyo hatua zote zinazofuata utazirudia kila wiki.

Hatua ya 2: Ondoa kila kinachogusa bledi

Ondoa kile kipande cha duara kilicho katikati ya meza ili uone chini. Legeza vielekezi vyote, juu na chini. Vya ubavuni visogezwe mbali na bledi, beringi za mgongo zirudishwe nyuma kabisa. Hesabu kwa sauti kama huamini: vinne vya ubavuni, beringi mbili, jumla sita. Kimoja tu ukikiacha kinagusa, kitakudanganya katika hatua ya 5.

Hatua ya 3: Tundika bledi

Chomoa ile pini au bolti inayounganisha pande mbili za meza kwenye mfereji wa kupitishia bledi, pitisha bledi, ivishe magurudumuni. Meno yakutazame wewe, na pale mezani yaelekee chini. Kama yanatazama juu, usiigeuze bledi kichwa chini miguu juu, haitasaidia. Ishike kwa mikono miwili na uibinue ndani nje, kama mtu anavyogeuza soksi. Kisha rudisha pini ya meza. Bila pini, pande mbili za meza zinaweza kutofautiana kimo, na skwea yako itakupa majibu mawili.

Kuhusu upana, bledi ya milimita 6 ni ya kukata mikunjo na inaweza kuzunguka duara lenye nusu kipenyo cha kama milimita 16. Ya milimita 12 ni ya kazi za kila siku, lakini mkunjo wake hauwezi kubana chini ya nusu kipenyo cha kama milimita 65. Kwa kuchana ubao uliosimama, chukua pana kadiri mashine yako inavyoweza kuikaza, yenye meno machache, 3 kwa inchi. Na wakati wote wa kukata, meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya mbao. Ndiyo maana plaiwudi nyembamba hunyofolewa ukiikatia bledi ya meno makubwa.

Hatua ya 4: Kaza, halafu ndipo uangalie njia

Wengi hugeuza mpangilio hapa. Wanaweka bledi kwenye njia ikiwa imelegea, wanaikaza, halafu wanashangaa imehama. Ukikaza, shafti ya gurudumu la juu nayo inavutwa na kuinama kidogo, kwa hiyo bledi lazima ihame. Kaza kwanza.

Kipimo kilicho karibu na springi huonyesha alama kwa upana wa bledi. Kichukue kama pa kuanzia tu, maana springi ya zamani huchoka na kipimo hubaki kikisema yale yale. Mimi natumia kidole. Nyanyua nguzo ya vielekezi mpaka kama sentimita 15 juu ya meza, sukuma bledi kwa ubavu kwa kidole kimoja bila kutumia nguvu nyingi. Ikisogea kama milimita 6, inatosha kwa kazi nyingi. Ikisogea sentimita, bado. Ikiwa haisogei kabisa na springi imebanwa mpaka pete zake zimegusana, umezidisha. Legeza kabla hujaharibu springi na beringi za magurudumu.

Hatua ya 5: Iweke bledi kwenye njia yake

Hapa usiwe na haraka.

Simama mbele ya mashine. Zungusha gurudumu la juu kwa mkono kuelekea kulia, kama mshale wa saa, ili bledi ishuke mezani kama inavyoshuka wakati wa kukata. Shika kwenye spoku au ukingo wa gurudumu, vidole mbali na meno. Mizunguko kumi, polepole, macho juu ya gurudumu. Bledi inakwenda wapi?

Ikikimbilia mbele kukufuata, inamisha gurudumu la juu nyuma. Ikikimbilia nyuma kuelekea mwili wa mashine, inamisha gurudumu mbele. Sheria ni fupi: kichwa cha gurudumu kinapoinamia ndiko bledi inakoelekea. Geuza nobu robo mzunguko, si zaidi, halafu zungusha gurudumu tena mara tano au sita kabla ya kuamua lolote, kwa sababu bledi haitii amri papo hapo. Anayegeuza nobu huku bledi bado inahama atajikuta anaifukuza mbele na nyuma mpaka jioni.

Ikae wapi hasa? Kwenye gurudumu lenye mpira ulionyanyuka, mafundi wengi huweka katikati ya upana wa bledi juu ya katikati ya gurudumu. Mimi kwa bledi za milimita 6 hadi 19 naweka vile vibonde vilivyo kati ya jino na jino juu ya mstari wa katikati wa gurudumu la juu, mgongo wa bledi ukabaki nyuma yake. Kwa bledi nyembamba tofauti haionekani. Kwa ile pana naona inakata ikiwa imenyooka zaidi na fensi (ule ukingo wa mezani unaoongoza ubao), na hilo tutalirudia huko mbele. Lakini kama magurudumu yako ni bapa, yasiyo na mnyanyuko, kama yalivyo ya mashine nyingi za Ulaya, utaratibu ni mwingine: meno huchungulia nje kidogo ya ukingo wa mbele ili yasitafune mpira. Fuata kitabu cha mashine yako.

Ikishatulia, kaza nati ya kufungia iliyo kwenye nobu. Kisha zungusha tena, maana mara nyingi ile nati yenyewe inapokazwa huisogeza nobu. Ikihama, legeza, fidia kidogo, kaza.

Ukiwa bado unazungusha kwa mkono, sikiliza. Bledi ya mashine ya inchi 14 isiyoongezwa kimo huwa na urefu wa kama mita 2.37, na gurudumu lina mzingo wa kama mita 1.12. Kwa hiyo gurudumu huzunguka mara mbili na kitu ndipo bledi irudi ilipoanzia. Ukisikia "tik" moja kila baada ya mizunguko miwili na kitu, kasoro iko kwenye bledi, na mara nyingi ni weldi iliyobaki na nundu au iliyoungwa kombo. "Tik" ikija kila mzunguko mmoja, kasoro iko kwenye gurudumu: kipande cha mbao kimenasa chini ya bledi, au mpira umechanika. Mwanafunzi wangu mmoja alinigundulia hilo kwa kufumba macho na kuhesabu kwa vidole, wakati mimi nimeshaanza kufungua beringi.

Nundu ya weldi unaweza kuipiga jiwe taratibu mpaka ikae sawa na mgongo. Iliyoungwa kombo irudishe kwa aliyeiunga. Weldi ndiyo iliyoichelewesha mashine hii tangu mwanzo: Mwingereza William Newberry alipata hataza yake mwaka 1808, lakini bledi zilikuwa zinakatika kwenye kiungo, na ilibidi kusubiri mpaka mwaka 1846 ambapo Mfaransa Anne Paulin Crepin alipata hataza ya njia bora ya kuiunga.

Bledi ikikataa kabisa kukaa, hata nobu iwe imefika mwisho, chukua ule ubao ulionyooka uuegemeze kwenye kingo za magurudumu yote mawili. Meza ikikuzuia, chonga ubao nafasi ya kuikwepa. Unapaswa kugusa juu na chini ya kila gurudumu. Ukigusa gurudumu moja na kuacha pengo kubwa kwenye jingine, magurudumu hayako kwenye mstari mmoja, na dawa huwa ni kuweka washa (pete bapa ya chuma) nyuma ya gurudumu au kurekebisha shafti. Pengo la milimita moja mbili kwa mashine inayokata vizuri mimi naliacha kama lilivyo. Sivunji nyumba kwa sababu ya mlango unaolia.

Funga milango, rudisha umeme, washa na uzime mara moja. Kama fundi umeme amegusa nyaya za fezi tatu tangu mara ya mwisho, hakikisha kwa macho kwamba bledi inashuka. Nyaya mbili zikibadilishana nafasi, mota inazunguka kinyume na meno yanapanda. Ikiwa sawa, iache izunguke dakika moja ukiangalia kutoka pembeni, si mbele ya bledi. Imetulia? Zima, chomoa plagi tena.

Hatua ya 6: Beringi za mgongo

Anza na ya juu. Teremsha nguzo mpaka kimo cha ubao utakaokata, kwa sababu kwenye mashine nyingi nguzo haishuki kwa unyoofu kamili, na ukiweka vielekezi nguzo ikiwa juu, ikishuka pengo litakuwa limebadilika. Sogeza beringi mbele mpaka ikaribie mgongo wa bledi, acha nafasi ya unene wa karatasi tatu au nne za A4. Karatasi moja ya gramu 80 ni kama milimita 0.1, kwa hiyo unaacha milimita 0.3 hadi 0.4.

Angalia pia bledi itagusa wapi. Kama beringi yako imekaa kiasi kwamba uso wake ndio unaotazama bledi, mgongo wa bledi ugonge karibu na ukingo wa uso huo, si katikati. Ukigonga katikati, beringi haizunguki. Bledi inasugua pale pale na kuchimba mfereji. Yangu ya zamani ilikuwa na mfereji unaoweza kuweka njiti ya kiberiti.

Sasa piga magoti, washa tochi, fanya hivyo hivyo kwa ile ya chini. Nafasi ile ile. Zikitofautiana, ubao unapoisukuma bledi itaegemea beringi moja tu na kukaa kiupande, na mkato utatoka umebinuka.

Hatua ya 7: Vielekezi vya ubavuni

Kuna vipimo viwili hapa, na kila kimoja kina sababu yake.

Cha kwanza ni mbele na nyuma. Tumia kijiti kuisukuma bledi nyuma mpaka mgongo uguse beringi, kama itakavyokuwa wakati wa kukata. Katika hali hiyo, uso wa mbele wa vielekezi uwe nyuma ya vibonde vya meno kwa kama milimita 1. Vikiwa mbele zaidi, meno, ambayo yamepindishwa kulia na kushoto ili kupanua njia, yataingia kati ya vielekezi. Kama vielekezi ni vya chuma, meno yanaisha papo hapo. Utaona cheche na bledi mpya imekuwa butu kabla ya kukata ubao mmoja. Vikiwa nyuma sana, bledi inabaki bila mtu wa kuishika mbele, na itajipinda kila ukikata mkunjo.

Cha pili ni ubavu. Kata vipande viwili vya karatasi, weka kimoja kila upande kati ya bledi na kielekezi, sogeza kielekezi mpaka kiguse karatasi kwa wepesi, kaza elenki. Uwe unaitazama bledi kwa mbele unapokaza. Ikisukumwa upande mmoja hata kwa unywele, legeza urudie. Chomoa karatasi: itoke kwa kuvutwa, isichanike. Zungusha gurudumu kwa mkono mpaka bledi imalize duru nzima, ili weldi nayo ipite. Ikikwaruza kwenye weldi tu, ongeza nafasi kidogo.

Kama vielekezi vyako vya ubavuni ni beringi badala ya vipande, visizunguke wakati mashine inatembea bure bila ubao. Kuzunguka kidogo mara moja moja si neno. Vikizunguka mfululizo, vinaguswa muda wote na vitakufa mapema, hasa ukizingatia kwamba bledi ya bendisoo ya mbao hukimbia kama mita 900 kwa dakika.

Kama vipande vyako vya chuma vimepotea au vimelika, usihangaike kuagiza. Chonga vya mpingo. Mpingo ni mgumu, una mafuta yake mwenyewe, na jino likiugusa haliharibiki kama linapogusa chuma. Vyangu natumia mabaki ya wachongaji, napiga msasa nyuso za mbele ziwe sawa kabisa, na vikilika navipiga msasa tena. Kwa bledi ya milimita 3 au 6 mbao ni bora kuliko chuma, kwa sababu hapo vielekezi vinaweza kuishika bledi kwa karibu zaidi bila hofu ya meno.

Rudia chini ya meza. Ni kazi ya kuudhi, shingo inauma, mkono hauingii. Ifanye.

Hatua ya 8: Meza na skwea

Shusha meza kwenye nyuzi 90, simamisha skwea ubavuni mwa bledi, si kwenye jino, na uangalie mwanga. Kisha jihakikishie bila skwea: chukua kipande cha mbao kinene, kata kidogo tu kuingia, uzime mashine. Kipeleke kipande nyuma ya bledi ukiwa umekigeuza juu chini. Mgongo wa bledi ukiingia kwenye mkato ule ule bila kulazimishwa, meza imesimama vizuri.

Hatua ya 9: Mkato wa kujaribu

Nguzo ya juu iwe kama milimita 6 hadi 10 juu ya ubao. Ukiiacha juu sana bledi inapata urefu wa kuyumba, na wewe unaacha meno wazi mbele ya vidole vyako.

Chukua ubao wa bure wa kama sentimita 60, upande mmoja umenyooka, chora mstari sambamba na upande huo, kata kwa mkono bila fensi ukifuata mstari. Usisukume kwa nguvu. Ukifika katikati zima mashine na ushikilie ubao pale pale. Ukiona ubao umekaa sambamba na ukingo wa meza, umemaliza. Ukiona ilibidi uuinamishe ili ufuate mstari, bledi ina upande inaoupenda.

Unaweza kuigeuza fensi ifuate pembe hiyo, na mafundi wengi wazuri hufanya hivyo. Mimi najaribu kwanza kurudi kwenye nobu ya hatua ya 5 na kuisogeza bledi kidogo sana juu ya gurudumu, mbele au nyuma, kisha nakata tena. Mnyanyuko wa mpira huitazamisha bledi kidogo kulia au kushoto kutegemea imekaa wapi, na mara nyingi robo mzunguko unatosha. Ukisogeza, vielekezi navyo virekebishwe upya.

Lakini kama bledi ilikuwa inakata vizuri asubuhi na mchana imeanza kuvuta upande mmoja, usiguse nobu. Angalia meno. Msumari uliofichika hula meno ya upande mmoja. Mvule nao una mawe yake ndani, mabonge meupe ya chokaa ambayo huyaoni mpaka usikie bledi imelia. Mtiki na mnazi hubutua taratibu. Upande wenye meno makali huivuta bledi kwake, na hakuna kielekezi kitakachoishinda. Inoe au ibadilishe.

Ukimaliza kazi

Mashine ikikaa siku kadhaa bila kazi, legeza bledi kwa mizunguko michache ya nobu ya kukazia. Mpira hautapata bonde pale bledi ilipolala, na springi itapumzika. Tatizo ni kukumbuka. Siku moja kijana wa karakana ya jirani alikuja kuomba kukata kipande kimoja tu, akawasha mashine niliyokuwa nimeilegeza, bledi ikavuka gurudumu na kugonga mlango kwa kishindo kilichotutoa sote nje. Hakuumia, mlango ulikuwa umefungwa. Tangu siku hiyo kuna kipande cha boksi kinachoning'inia kwenye kamba. Nikilegeza bledi nakitundika juu ya swichi kuifunika kabisa, na kimeandikwa kwa makapeni: IMELEGEZWA, KAZA KWANZA.